Je, Injili ni ahadi ya mali?

*Mhubiri alisema aliyeamini Injili hapati hasara. Vita vilitumalizia ng'ombe wote. Je, imani yangu ni haba?*
*Msomaji, Lushebere, Masisi*

Injili ni tangazo la jambo lililokwisha kutendeka. Katika 1 Wakorintho 15, Paulo analifupisha: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi, akazikwa, akafufuka siku ya tatu. Ng'ombe hawamo. Paulo mwenyewe alipigwa na kufungwa kwa kuihubiri, wala hilo halikuhesabiwa upungufu wa imani. Mifugo yenu imemalizwa na wenye bunduki, si na shaka zenu.

Mwenye wasiwasi na aanze na Injili ya Marko, yenye sura 16 tu, kisha amuulize katekista au mchungaji anayemwamini. Anayedaiwa sadaka ili mifugo irudi asikope. Majonzi yakimnyima mtu usingizi kwa majuma, aende kituo cha afya.