Pima Upepo wa Mipira Kabla ya Kuondoka

Ndugu mfanyakazi, nawe mama unayepanda motokari pamoja na watoto, leo tujifunze jambo ambalo wengi wetu humwachia fundi: upepo wa mipira.

Motokari nzima, pamoja na watu na mizigo yake, inashika barabara kwa sehemu nne tu. Kila sehemu ni karibu na upana wa kiganja cha mtu mzima. Kinachobeba uzito huo hasa ni upepo ulio ndani ya mpira.

Tuchukue mfano wa Majengo, mjini Goma. Huko watu wanaishi karibu na volkano Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 uji wake wa moto uliingia mjini. Tarehe 22 Mei 2021 ulifika Buhene na kukata barabara ya Rutshuru. Uji huo ukipoa huwa jiwe jeusi lenye makali.

Mpira wenye upepo kidogo ukipanda jiwe kama hilo, unabanwa kati ya jiwe na chuma cha gurudumu. Nyuzi za ndani zinakatika. Kwa nje pengine utaona uvimbe mdogo tu ubavuni. Dereva mwingine, akiogopa hayo, hujaza upepo kupita kipimo. Naye anakosea: mpira mgumu mno hurukaruka, hukatwa na mawe upesi, na haushiki barabara vizuri.

Mtaani unakwenda polepole, huoni hatari. Lakini ukifika kwenye lami unaongeza mwendo. Mpira wenye upepo kidogo unajikunja kila unapozunguka, unapata moto, halafu unapasuka. Jeraha la mtaani linaleta ajali kwenye lami.

Fanya hivi:

1. Pima asubuhi, mpira ukiwa baridi, yaani motokari imesimama kwa muda wa saa 3 au zaidi.

2. Soma kipimo kwenye kibandiko kilicho penye mlango wa dereva, au katika kitabu cha motokari. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa mpira ni mwisho wa nguvu yake; usiifuate. Ukibeba watu wengi au mizigo, fuata kipimo cha mzigo.

3. Tumia manometa. Kupiga mpira teke si kupima, na macho hudanganya.

4. Usipunguze upepo mpira ukiwa na moto. Ukipoa utakuwa na upepo pungufu.

5. Pima na mpira wa akiba. Rudisha kifuniko cha vali. Ondoa mawe yaliyonasa, hasa kati ya mipira miwili ya nyuma ya lori.

6. Ukiona uvimbe au nyuzi zimetokeza, badilisha mpira. Kuongeza upepo hakuponyi.

Hata mpira usiotoboka hupoteza upepo kidogo kidogo. Pima angalau mara moja kwa mwezi, na kabla ya kila safari ndefu. Penye mawe makali, pima kila juma.

Mama, usione haya kumwambia dereva: «Mpira huu umelegea, tupime kwanza.» Dakika 5 za kungoja ni chache kuliko siku moja hospitalini.

Jiulize: mipira ya motokari yako inataka kipimo gani? Uliipima lini mara ya mwisho? Kama hujui, anza kesho asubuhi.