Danieli na Daftari la Kikundi

Somo la kikundi. Someni kwanza: Danieli 6:1-10



Wengi wetu habari za Danieli tulizisikia shule ya Jumapili, na tunachokumbuka ni simba. Leo tuwaache simba kwanza. Mmoja wenu asome kwa sauti mstari wa 1 hadi wa 10, polepole, hata wazee walioketi nyuma wasikie.

Danieli hakuwa mhubiri. Alikuwa mfanyakazi wa serikali, tena serikali ya wageni wasiomwabudu Mungu wake. Mfalme Dario aliweka wakuu 120, na juu yao watatu wa kupokea hesabu, ili mfalme asipate hasara. Danieli alikuwa mmoja wa hao watatu. Kwa lugha yetu ya kikundi, alikuwa mkaguzi wa hesabu. (Na mkaguzi asiyekula na wenzake hapendwi, hilo mnalijua.)

Sasa tazameni mstari wa 4. Wenzake walipotaka kumwangusha, hawakuanza na maombi yake. Walianza na kazi yake. Wakapekua, wakakosa kosa. Ndipo wakaona kwamba huyu hawatampata isipokuwa kwa mambo ya dini yake. Hebu tujiulize: wewe mweka hazina unayeongoza nyimbo Jumapili, watu wakitaka kukuangusha leo, watafika hadi kwenye dini yako, ama watamaliza kazi yao kwenye daftari la michango?

Mstari wa 10 nao una neno. Amri ya kukataza maombi ilipotiwa sahihi, Danieli alikwenda nyumbani, madirisha yakiwa wazi, akapiga magoti mara tatu kwa siku kama alivyokuwa akifanya tangu zamani. Hakutoboa dirisha jipya ili aonekane. Wala hakufunga lililokuwa wazi. Sisi wengine hufungua dirisha siku ya mgeni tu: mfadhili akija, maombi ni nusu saa, akishaondoka, maziwa ya ushirika yanaongezwa maji.

Hapa kwetu Kenya sura hii imewahi kumletea mtu taabu. Juni 1987, mjini Nyeri, Askofu David Gitari wa Kanisa la Kianglikana alihubiri juu ya Danieli 6, na wanasiasa wakamjia juu. Mwaka wa 1988 chama cha KANU kilichagua wagombea wake kwa mlolongo, watu wakijipanga nyuma ya mtu wanayemtaka. Mahali pengi aliyetangazwa mshindi hakuwa yule mwenye mlolongo mrefu. Gitari alilisema hilo wazi. Aprili 1989 watu wenye silaha wakavamia nyumba yake usiku, naye akaokoka kwa kupanda juu ya paa. Baadaye, kuanzia 1997 hadi 2002, alikuwa Askofu Mkuu.

Sisi hatutavamiwa kwa ajili ya daftari. Letu ni lile la ofisini, mahali fomu ya kikundi "inakwama" mpaka mwenye mhuri apate ya chai. Jueni kwamba kwa Sheria ya Hongo ya 2016, anayetoa ana hatia sawa na anayepokea. Basi msimtume mtu mmoja. Nendeni wawili, ulizeni ada ya serikali ni ngapi, ombeni risiti, na jibu mlilopewa liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Haitakuwa rahisi. Fomu yaweza kukaa miezi, tangi la maji lichelewe, na akina mama waendelee kushuka mtoni na mitungi. Tusidanganyane kwamba uaminifu hulipa upesi. Danieli mwenyewe alitupwa shimoni. Ndiyo sababu si haki kumwachia katibu aamue peke yake mlangoni pa ofisi. Kikundi kizima kikae, kiseme mapema: tuko tayari kungoja, ama hatuko?

Na wale wenzetu Waislamu, au wasio na kanisa lolote? Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inampa kila mtu haki ya kuonyesha imani yake hadharani, tena inakataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume cha imani yake. Mkifungua mkutano kwa maombi, ni vizuri. Asiyeomba asitozwe faini wala asirukwe zamu yake ya mzunguko. Yeye pia anaiangalia imani yenu, na mahali anapoiona zaidi ni kwenye mizani.

Ya kujadiliana:

Ni nani hapa kijijini, wa dini yoyote, ambaye mngemwachia pesa bila kuzihesabu? Kwa nini yeye?

Mwenyekiti akiwa ndiye aliyekopa na hajalipa, nani atamwambia, na atamwambia wapi?

Daftari la pesa linakaa kwa nani, na lini mara ya mwisho lilisomwa kwa sauti mbele ya wote? Lileteni mkutano ujao.