Somo: Binti Naye ni Mrithi



Leo tuangalie jambo linalovunja boma nyingi hapa kwetu, kuanzia Othaya na Karatina mpaka Kerugoya: baba akifa, nani arithi shamba?

Tuchukue mfano. Mzee amefariki bila kuandika wosia. Ameacha mjane, ekari tatu za kahawa, wavulana wawili na wasichana wawili. Matanga yakiisha, vijana wanaenda kwa chifu kuchukua barua. Chifu anauliza, "Watoto ni wangapi?" Wanajibu, "Tuko wawili." Basi, dada zao wamekwisha kupotea, na hakuna aliyegombana na mtu.

1. Desturi hii ilitoka wapi?

Zamani ardhi ilikuwa ya mbari, na mwanamke alikuwa na sehemu yake ya kulima. Katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliunganisha vipande vya mashamba huku kwetu, ikavipima na kutoa hati. Majina yaliyoandikwa yalikuwa karibu yote ya wanaume. Haki ya mama ya kulima haikupata nafasi kwenye karatasi. Kwa hiyo tukisema "ni mila yetu," tukumbuke kwamba sehemu ya mila hiyo ililetwa na karani wa mkoloni.

2. Sheria inasema nini?

Sheria ya Urithi ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kama hakuna wosia, mjane ndiye wa kwanza kulishikilia na kulitumia shamba. Baada yake, watoto wanagawana sawa. Sheria imesema "watoto", haikusema "wavulana."

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kati ya mume na mke, na kifungu cha 60 kinakataza ubaguzi huo katika mambo ya ardhi.

Wengine husema, "Lakini ameolewa, shamba lake liko kwa mumewe." Jambo hili lilifika Mahakama ya Rufaa hapa Nyeri mwaka 2015. Majaji wakasema watoto hugawana sawa, awe mvulana au msichana, ameolewa au hajaolewa.

Na mama aliye na mumewe je? Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kulea watoto, kazi za nyumbani na kulima shamba kuwa mchango. Lakini mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba ndoa ikivunjika, mtu hapewi nusu hivi hivi tu. Ni lazima mchango uonyeshwe. Mama anayechuma kahawa miaka 20 huku malipo yakitoka kwa jina la mzee, aweke risiti zake vizuri.

3. Basi shida iko wapi?

Iko kwenye barua na sahihi. Kwa hiyo:

(a) Mzee akifa, nendeni kwa chifu pamoja, mama na watoto wote. Hakikisheni kila jina limeandikwa.

(b) Usitie sahihi karatasi ambayo hujasomewa ukaielewa.

(c) Kesi ya mirathi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na kuna siku 30 za kupinga. Kwa kawaida mahakama hungoja miezi sita kabla ya kuthibitisha mgawanyo.

(d) Kama umefichwa, usikate tamaa. Mahakama inaweza kufuta cheti kilichopatikana kwa kuficha warithi.

(e) Kuuza au kugawa mali ya marehemu kabla ya kupewa ruhusa na mahakama ni kosa la jinai.

Binti halazimishwi kuchukua. Akitaka kuwaachia ndugu zake, ni sawa kabisa. Lakini aseme mwenyewe, kwa kinywa chake na sahihi yake.

Na nyinyi wazee mlio hai, andikeni wosia mkiwa na nguvu. Kaburi halijibu maswali.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Someni Hesabu 27:1-8. Mabinti wa Selofehadi walidai nini, na mbele ya nani?

2. Katika boma lako, nani anajua hati ya shamba imewekwa wapi na ina jina la nani?

3. Kama chifu angeuliza leo, "Watoto ni wangapi?" watoto wako wangejibu vipi?