Istilahi na Uhai: Tiba ya Uvimbe wa Ubongo kwa Kigezo cha Jeni

Glioblastoma ni miongoni mwa saratani kali kabisa zinazoanzia ubongoni mwa mtu mzima. Katika Kiswahili, maradhi haya huingizwa katika neno uvimbe, ambalo pia humtosha aliyeumwa na nyuki. Utata huo si mdogo kwa mgonjwa anayesubiri kuambiwa hali yake.

Mnamo mwaka wa 2005, yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyiwa wagonjwa 573 wa Ulaya na Kanada. Nusu ya waliotibiwa kwa miale pekee waliishi zaidi ya miezi 12.1, walioongezewa dawa ya temozolomidi, miezi 14.6. Tofauti hiyo yaonekana haba. Hata hivyo, jeni iitwayo MGMT ilifichua jambo jingine. Temozolomidi huua seli kwa kuharibu DNA yake, nayo jeni hiyo huunda protini inayorekebisha uharibifu huo: dawa ikibomoa, protini hujenga. Kwa baadhi ya wagonjwa, jeni hiyo imenyamazishwa ndani ya uvimbe. Miongoni mwa hao, nusu ya waliopangiwa miale na dawa waliishi zaidi ya miezi 21.7, ilhali kwa miale pekee ilikuwa 15.3. Kumbe waliodhaniwa kuugua ugonjwa mmoja hawakuwa sawa.

Matibabu ya namna hii yaitweje? Tiba ya usahihi hudokeza kwamba tiba nyingine zimekosewa. Tiba lengwa nayo ina kasoro ya kisarufi, na wanafunzi wa tafsiri wataitambua upesi: lugha lengwa ndiyo inayolengwa, hailengi. Mwaka wa 2022, Marekani iliidhinisha dabrafenibu pamoja na trametinibu kwa uvimbe wenye badiliko la BRAF V600E ambao tiba za awali zimeshindwa kuudhibiti, ukiwamo wa ubongo. Kinacholengwa hapo ni badiliko. Dawa ndizo zinazolenga. Tiba lenga, au tiba elekezi, ingefaa zaidi.

Majina ya maradhi yenyewe yamegeuka. Tangu uainishaji wa Shirika la Afya Duniani wa 2021, uvimbe wa mtu mzima wenye badiliko la jeni ya IDH hauitwi tena glioblastoma, hata ukifanana nayo chini ya hadubini. Daktari anayemfasiria mgonjwa ripoti kwa Kiswahili hana budi kueleza mpaka huo, kwa kuwa wenye badiliko hilo kwa kawaida huishi muda mrefu zaidi.