Cheti Ukutani, Mfamasia Hayupo

Msomaji wetu wa Morogoro atuarifu kuwa alinunua dawa ya shinikizo la damu katika famasi yenye cheti kilichotiwa fremu, na alipotaka kusema na mfamasia mwenye jina lililo katika cheti hicho, amwulize kama dawa hiyo yapatana na ya kisukari aimezayo kila siku, kijana wa kaunta alimjibu kuwa daktari yuko safarini. Na kila aliporudi, safari ile haijakwisha. Je, ana haki ya kuuliza?

Anayo, tena kamili. Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 haikumtaka mfamasia msimamizi kwa ajili ya karatasi yake, bali kwa elimu yake. Lakini hila iliyoenea ni hii: tajiri hukodi cheti cha mfamasia aliyeajiriwa kwingine, aghalabu mkoa wa mbali, humlipa ujira wa mwezi, kisha humkabidhi dawa za wagonjwa mtu asiyejua kutofautisha kipimo cha mtu mzima na cha mtoto. Wote wawili ni wenye hadaa, na mfamasia amezidi, kwa kuwa yeye ayajua madhara.

Basi usiridhike na fremu. Soma jina na namba ya usajili, tazama kama kibali cha biashara hakijaisha muda na chataja duka hilo hilo, kisha uliza mwenye jina yuko wapi. Daftari la wafamasia liko kwa Msajili wa Baraza la Famasi. Mlalamikie yeye, au mfamasia wa wilaya. Afisa akikuzungusha ilhali una risiti, jina na tarehe, huenda huyo ana maslahi yake dukani. Mtaje katika barua yako ya malalamiko.

Duka la dawa muhimu ni jambo jingine. Mpango wa maduka hayo ulianzia Ruvuma mwaka 2003, na mtoa dawa wake, aliyepata mafunzo mafupi, auza kwa halali dawa zilizoorodheshwa. Usimshtaki kwa kutokuwa mfamasia.

Sheria yenyewe ina taksiri. Imemruhusu asiye mfamasia kumiliki famasi, ikamfanya msimamizi kuwa mwajiriwa wa yule yule impasaye kumzuia.

Nawe wa Morogoro, usiache dawa kwa hofu: chukua vidonge vyote, vya shinikizo na vya kisukari, uende leo kwa mfamasia wa hospitali ya mkoa, usingoje jibu la Msajili.