Siku ya Kwanza katika Mji wa Malacca

Nchi ya Malesia ni mbali sana na kwetu, ng'ambo ya bahari ya Uhindi. Kando ya bahari ya nchi ile kuna mji wa zamani, jina lake Malacca. Wenyeji huandika Melaka. Tufikiri kijana mmoja wa kwetu amefika huko peke yake. Hana ndugu wala rafiki, tena hajui lugha ya Wamalai. Siku ya kwanza atafanya nini?

Asubuhi basi imemleta toka Kuala Lumpur, mji mkuu, mwendo wa kilometri 150 hivi. Anatafuta kwanza nyumba ya wageni, anaweka mzigo wake, anaandika jina la njia katika karatasi na kuitia mfukoni. Kisha anatafuta mahali pa juu. Amefanya vema, kwa maana mtu aliyeutazama mji toka juu hapotei upesi.

Mahali pale pa juu ni kilima cha Mtakatifu Paulo. Chini yake kuna uwanja wenye nyumba nyekundu za Waholandi wa zamani, na kanisa lao la Kiprotestanti lililomalizika mwaka 1753. Hapo watu wa baiskeli za magurudumu matatu wanangoja wageni. Baiskeli zao zimepambwa maua na taa, na muziki wake unapigwa kwa nguvu hata masikio yanauma. Kijana anapita upesi, anapanda ngazi.

Juu anakuta kanisa lisilo na paa. Wareno waliuteka mji mwaka 1511, na mwaka 1521 walijenga kanisa dogo hapa. Mtakatifu Fransisko Saveri alifika Malacca mwaka 1545. Naye pia hakujua lugha ya watu, akaona taabu nyingi kwa sababu hiyo. Lakini hakukaa kimya: alitafuta watu wa kumsaidia, akaanza kugeuza sala katika Kimalai. Alikufa tarehe 3 Desemba 1552 katika kisiwa karibu na Uchina. Mwaka 1553 maiti yake ililetwa Malacca ikazikwa katika kanisa hili, na baada ya miezi michache ikapelekwa Goa, katika Uhindi. Kaburi lile tupu lingali pale. Mbele ya kanisa kuna sanamu yake, iliyowekwa mwaka 1952, nayo haina mkono wa kuume. Wenyeji husimulia kwamba mti uliangukia sanamu ukauvunja mkono. Jambo la ajabu ni hili: mkono wa kuume wa Mtakatifu mwenyewe ulikatwa mwaka 1614, ukapelekwa Roma.

Toka kilimani kijana anaona bahari nyembamba ambamo merikebu zilipita kwenda Uhindi na Uchina. Zamani merikebu zilifuata upepo. Upepo wa miezi fulani ulizileta zile za Uhindi, na upepo wa miezi mingine zile za Uchina. Wafanyaji biashara walikaa Malacca kungoja upepo ugeuke, wakajenga nyumba, wakaoa. Mreno mmoja, Tomé Pires, aliandika kati ya mwaka 1512 na 1515 kwamba lugha 84 zilisikika katika bandari hii. Kati ya wageni wale alitaja watu wa Kilwa na wa Malindi. Basi kijana wetu si wa kwanza kufika huku toka Afrika.

Sasa anashuka, anavuka mto kwa daraja. Huko, katika njia moja, zimejengwa karibu karibu nyumba tatu za sala: hekalu la Wachina, hekalu la Wahindi la mwaka 1781, na msikiti wa mwaka 1748.

Anaingia dukani kununua sabuni. Mwenye duka anamsalimu: « Apa khabar? » Kijana anashtuka. Habari! Anaonyesha sabuni kwa kidole. Mwenye duka anasema « sabun ». Karatasi ni « kertas ». Dunia ni « dunia ». Bendera ni « bendera » kabisa! Maneno haya yametoka wapi? Habari, sabuni, karatasi na dunia ni maneno ya Waarabu. Bendera ni ya Wareno. Yalipanda merikebu pamoja na wafanyaji biashara, yakashuka pwani ya Afrika, yakashuka Malacca pia.

Basi kijana anajiona anajua Kimalai. Saa sita njaa inamshika, anaingia mahali pa kula, anasema kwa sauti: « Kuku! » Mwenye nyumba anatazama vidole vyake, kwa maana « kuku » katika Kimalai ni ukucha. Kuku wa kuliwa huitwa « ayam ». Wote wanacheka, na kijana analetewa kuku pamoja na wali uliofinyangwa kama mipira midogo, chakula wanachokisifu sana watu wa Malacca.

Jioni anakwenda kijiji cha Wareno, kando ya bahari. Wanaokaa huko ni wazao wa Wareno waliooa wanawake wa nchi. Wengi ni Wakatoliki, na wengine ni wavuvi. Katika miaka ya 1930 walipata kiwanja hiki kwa sababu mapadri wawili waliwaombea. Kila mwaka, sikukuu ya Mtakatifu Petro, padri hubariki mitumbwi yao. Lugha yao huitwa Kristang, maana yake Mkristu. Wazee wangali wanaisema, lakini watoto wengi hawaijui tena.

Kijana anakula samaki wa kuchoma. Mama mmoja mzee anapokea franga zake, anasema: « Mutu merseh. » Mutu? Kijana anageuka kutazama ni mtu gani anayeitwa. Hakuna. Mama anacheka, anasema tena polepole: « mutu » ni sana, na « merseh » ni asante.

Maulizo. Kwa nini kijana alipanda kilima kwanza? Merikebu zilingoja nini Malacca? Taja maneno matatu ya Kimalai yanayofanana na ya kwetu. Katika Kimalai, « kuku » ni nini?