Ng'ombe Hafichi Maziwa

Kwa miaka mingi nimezunguka na begi la dawa kwenye vihamba vya Marangu na Rombo, ng'ombe mmoja hapa, wawili pale, kila mmoja na jina lake. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi, mara nyingi hata gambuti sijavua.

Daktari, kiwele kimejaa lakini nikikamua napata kidogo. Jirani anasema ng'ombe ananificha maziwa. Ni kweli?

Hafichi, mama. Maziwa hutengenezwa ndani ya vifuko vidogo kuliko punje ya ulezi, na sehemu kubwa hukaa humo mpaka mwili utoe amri. Amri hiyo ni homoni iitwayo oksitosini. Unapoosha kiwele kwa maji ya vuguvugu na kupapasa chuchu, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo, na tezi iliyo chini ya ubongo humwaga homoni hiyo kwenye damu. Baada ya dakika moja hivi vifuko vinajiminya na maziwa yanashuka. Utaona chuchu zimejaa na kukaza. Lakini nguvu yake ni ya dakika chache tu, tano mpaka nane. Aliyeosha kiwele kisha akaondoka kutafuta ndoo anarudi wakati umeshapita.

Na ng'ombe akiogopa, mwili unamwaga adrenalini, ambayo hubana mishipa ya damu ya kiwele na kuizuia oksitosini isifanye kazi. Niliwahi kuitwa kwenye banda ambalo maziwa yalikuwa yameshuka kutoka lita saba hadi tatu kwa mkamuo. Nikapima joto la mwili, nikakagua kiwele, sikuona ugonjwa. Kisha akaingia kijana mpya wa kukamua, na kabla hajagusa ndoo ng'ombe akarudi nyuma hadi ukutani, macho yamemtoka, akajisaidia hapo hapo. Alikuwa amechapwa fimbo siku mbili kabla. Bibi mwenye ng'ombe alirudi kukamua mwenyewe, akimwimbia kama zamani, na ndani ya juma moja lita zilikuwa zimerudi karibu zote. Sikuandika dawa yoyote.

Wa kienyeji je? Wangu bila ndama hatoi hata tone.

Ndivyo walivyo zebu wengi. Kwao ndama ndiye ufunguo: kumwona, kumnusa, kunyonywa naye. Mwache anyonye kidogo kwanza, kisha mfunge karibu na kichwa cha mama yake ukamue.

Nikibakiza kidogo kiweleni, si nitayakuta kesho?

Hapana, na hapa wafugaji wengi wanajikosesha wenyewe. Maziwa yanayobaki huupa mwili habari kwamba hayahitajiki, na vifuko vinapunguza kazi. Ukifanya hivyo kila siku, unamkausha kidogo kidogo. Isitoshe, maziwa ya mwisho ndiyo yenye mafuta mengi. Anayewahi kuondoka ameacha siagi yake kiweleni.

Nimpe nini aongeze maziwa?

Kabla ya pumba na mashudu, maji. Maziwa ni maji kwa asilimia 87 hivi, na ili ipatikane lita moja, damu ya lita 400 hadi 500 lazima ipite kiweleni. Naingia mabanda yenye majani ya kutosha, na ndoo ya maji iko tupu tangu asubuhi. Inaniuma kila mara.

Mwaka wa pili sasa hajashika mimba, na maziwa yanaisha.

Pengine joto la kutaka dume linakupita. Hurudi kila baada ya siku 21 hivi na hudumu saa 12 mpaka 18 tu, tena mara nyingi usiku. Dalili ya uhakika ni kusimama akipandwa na mwenzake, lakini wa kwako yuko peke yake bandani, nani atampanda? Tazama ute mwangavu kama wa yai unaoning'inia chini ya mkia, kulia ovyo, na maziwa kupungua ghafla siku hiyo. Ukimwona asubuhi, mhimilishaji aje jioni. Ukimwona jioni, aje asubuhi ya pili yake. Yai hutoka joto likishaisha, na mbegu inatakiwa iwe imeshafika, inalingoja.

Kwa nini nimkaushe kabla hajazaa, naye bado ana lita nne?

Kwa ajili ya lita za mwakani. Mimba ni siku 280 hivi, na ndama huongeza sehemu kubwa ya uzito wake mwishoni. Siku 60 za mwisho kiwele nacho kinabomoa seli zilizochoka na kujenga mpya.

Dang'a tunaipika, watoto wanaipenda. Kuna ubaya?

Hakuna, ndama akishashiba. Kondo la ng'ombe halipitishi kinga, kwa hiyo ndama huzaliwa mtupu kabisa. Kinga yake yote ya mwanzo iko kwenye dang'a, yale maziwa mazito ya manjano. Utumbo wake hupokea kinga hiyo kwa saa 24 tu, na saa sita za kwanza ndizo zenye nguvu. Ndama wa kilo 35 anahitaji kama lita tatu na nusu. Akizaliwa saa nane za usiku na hawezi kusimama, washa taa, kamua, umnyweshe kwa chupa. Usingoje kupambazuke.